Mwalimu Mpya Jukwaani

Katika kazi zote ambazo binadamu huzifanya kwa ujira, ni chache mno ambazo mwenye kuzianza huwa amezitazama kwa karibu, kwa miaka mingi na karibu kila siku, kabla ya kutia mkono wake mwenyewe, kama ualimu. Tabibu mpya hakulala wodini utoto wake wote, wala hakimu hakukulia mahakamani; lakini kijana anayepangiwa shule yake ya kwanza, awe amepelekwa Nachingwea au Kibondo, amekwisha kumtazama mwalimu tangu alipokuwa na miaka saba, akamjua sauti na mwendo, akajua ni wakati gani ameghadhibika na ni wakati gani anajifanya ameghadhibika, na kwa hiyo huingia darasani akiwa na ualimu ndani yake ambao hakuna chuo kilichomfundisha. Mwanazuoni wa elimujamii Dan Lortie, katika kitabu chake Schoolteacher kilichochapishwa Chicago mwaka 1975, alikadiria kwamba Mmarekani anayemaliza sekondari huwa amekaa pamoja na walimu kwa muda wa saa 13,000, naye akauita muda huo uanagenzi wa kutazama, kwa kuwa mwanagenzi wa namna hii huona matendo ya fundi wala haambiwi sababu yake. Huiona fimbo ikinyanyuliwa. Hauoni usiku ambao mwalimu alikosa usingizi akifikiri kama ilikuwa haki kuinyanyua.

Kijana huyo, basi, hafiki shuleni peke yake. Amefika na mwalimu wake wa darasa la nne, ambaye pengine amekwisha kufariki, lakini kikohozi chake na namna yake ya kugonga meza kwa dasta vinaendelea kuishi katika mwili wa mtu mwingine. Juu ya huyo, chuo kimempa mwalimu wa pili, wa vitabuni, mpole, mwenye kushirikisha na kuwezesha, anayewapanga wanafunzi katika vikundi vya watano watano. Na shule nayo, kabla hajafungua begi lake, inamngoja na mwalimu wa tatu ambaye inataka awe, yule wa kushika zamu na kunyamazisha mikondo mitatu kwa jicho moja. Kati ya hao watatu, yeye ni yupi? Wataalamu wa elimu wa zama hizi huliita jambo hilo utambulisho wa kitaaluma, nami sina ugomvi nao, ingawa naona swali lenyewe ni la kale kuliko istilahi. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba swali hili halijibiki kwa kalamu na karatasi peke yake. Kwamba mwalimu mpya hujijua, na hujulikana, pale anapoicheza kazi yake mbele ya watu wanaoijua. Na kwamba sisi wa nchi hizi, ambao tumekwisha kulitumia jukwaa kuchunguza maisha yetu, hatuna udhuru wa kuendelea kumpelekea hojaji na kuridhika.

Simdharau hata kidogo mwenye kuhesabu. Frances Fuller wa Chuo Kikuu cha Texas, mwaka 1969, alionyesha kwamba anayeanza ualimu hujishughulikia kwanza yeye mwenyewe, kama ataweza, kama atapendwa, kama atakubaliwa na wakubwa, na ni baadaye tu ndipo hupata nafasi moyoni ya kujiuliza kama wanafunzi wanajifunza chochote. Na Simon Veenman, Mholanzi, mwaka 1984 akazipitia tafiti 83 za nchi mbalimbali akakuta kwamba shida inayotajwa na walimu wapya kuliko zote ni nidhamu ya darasani. Hayo ni maarifa yenye thamani. Walakini jibu linapofika katika kisanduku cha hojaji limekwisha kusafishwa. Kijana anayeweka alama ya vyema mbele ya nidhamu huenda anaogopa kuchekwa. Huenda anaogopa kwamba siku moja atampiga mtoto na kuona raha. Huenda hawaogopi wanafunzi hata chembe, na anayemwogopa ni mwalimu mkongwe aliyeketi karibu na dirisha la ofisi. Na hofu hizo, ambazo kila moja ingeweza kumfanya mwalimu wa aina nyingine kabisa, huingia katika kisanduku kimoja zikatoka zote zimefanana.

Fauka ya hayo, mtu huyu alifuzu mitihani juzi. Analijua jibu linalotakiwa. Ukimwuliza kwa maandishi kama anatumia mbinu shirikishi, atajibu ndiyo, wala hatakuwa amesema uongo, maana katika andalio lake la somo mbinu hizo zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, na katika azimio la kazi zimerudiwa wiki baada ya wiki. Ila darasa lenyewe lina watoto tisini, madawati yamebanana hata hapana njia ya kupita, na alichokifanya jana ni kuandika maelezo ubaoni hadi chaki ikamwishia vidoleni. Ualimu wake wa karatasini ni nguo ya kuazima, na wahenga walikwisha kutwambia nguo ya kuazima ina stara ya kiasi gani.

Kwamba kazi ya kila siku ina ukumbi na ina nyuma ya pazia, hilo lilikwisha kuelezwa kwa tafsili na Erving Goffman, kijana wa Kanada aliyekuwa Chuo Kikuu cha Edinburgh tangu 1949, akaenda kuishi katika kisiwa kimoja cha Shetland kutazama jinsi wenyeji wanavyojionyesha kwa wageni na jinsi wanavyokuwa mgeni akitoka. Kitabu kilichotokana na safari hiyo kilipigwa chapa huko huko Edinburgh mwaka 1956. (Miaka ile ile alikuwapo chuoni hapo mwanafunzi mmoja wa Tanganyika, Julius Nyerere, mwalimu wa shule, ambaye alirudi kufundisha Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, akaendelea kuitwa Mwalimu mpaka kufa kwake, na katikati ya shughuli za dola akapata wasaa wa kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare. Mtu angeweza kuandika kitabu kizima juu ya nafsi ya ualimu kwa kumfuata yeye peke yake.) Mhudumu wa hoteli hutabasamu mezani na hulaani jikoni. Mwalimu naye ana jikoni yake, nayo ni ofisi ya walimu, mahali ambapo daftari za kusahihisha zimepangwa mpaka dirishani, na ambapo kijana husikia, kabla hajamaliza juma lake la kwanza, ni darasa gani limeshindikana, ni mzazi gani wa kuepukwa, na kwamba mambo aliyofundishwa chuoni ni ya chuoni.

Lakini igizo lililo bayana kuliko yote katika maisha ya mwalimu mwanagenzi ni siku ya kukaguliwa. Wakati wa mafunzo kwa vitendo, mhadhiri hutoka chuoni, huketi nyuma ya darasa na karatasi yake ya alama, na kwa dakika arobaini kila mtu aliyemo chumbani huigiza. Walimu husimuliana kisa, nacho husimuliwa katika mikoa mingi kiasi kwamba nadhani hakina mwenyewe, cha mwanachuo aliyeafikiana na darasa lake kuwa kila swali likiulizwa watanyoosha mikono wote, ajuaye wa kulia na asiyejua wa kushoto. Mkaguzi akastaajabu kuona darasa zima linajua, na mwalimu akachagua mikono ya kulia tu, akapewa alama zake. Tunakicheka kisa hicho, lakini hebu tukitazame vizuri. Watoto wameshiriki kwa ikhlasi kumstiri mtu wanayempenda, mwanachuo amepata hati ya kuwa yeye ni mwalimu, na mhadhiri amerudi na ushahidi ulioandikwa. Na katika mambo yote yaliyotokea chumbani humo, lile la maana kuliko yote, yaani huruma iliyopo baina ya kijana huyo na watoto wale, hakuna karatasi iliyokuwa na nafasi ya kuliandika.

Katika sekondari za Tanzania igizo hilo huongezewa lugha. Mwenye kufundisha huko anatakiwa afundishe kwa Kiingereza, na akikaguliwa hufundisha kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi alizozikariri usiku. Mkaguzi akiisha kupanda pikipiki, mwalimu hugeuka, akapumua, akasema, "Haya, sasa tuelewane," na somo likaanza upya kwa Kiswahili. Mtu huyo ni watu wawili, kila mmoja na sauti yake na mabega yake, maana hata mabega hushuka lugha inapobadilika, na mkaguzi hakuwahi kumwona ila mmoja wao. Maadam tayari tunamtaka kijana acheze, na tunampa cheti kwa kucheza, sioni kwa nini tulione jukwaa linalokiri kuwa ni jukwaa kama jambo la mzaha, ilhali lile lisilokiri tunaliita tathmini.

Ushahidi wa kwamba mwili husema lisilosemwa na kinywa ninaupata katika kisa alichopenda kukisimulia Augusto Boal, Mbrazili aliyefukuzwa kwao na watawala wa kijeshi, ambaye mwaka 1973 alikuwa Peru akifanya kazi katika kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika. Wakati ule waigizaji wake walikuwa wakicheza tatizo mpaka mahali pa mgogoro, kisha wakawauliza watazamaji lifanywe nini, nao wakalicheza lile lililoshauriwa. Siku moja likachezwa tatizo la mke aliyedanganywa na mumewe, na mama mmoja miongoni mwa watazamaji akashauri kwamba mke azungumze na mume huyo kwa uwazi kabisa, kisha amsamehe. Mwigizaji akazungumza kwa uwazi. Mama akasema sivyo. Akarudia, kwa uwazi zaidi. Mama akaghadhibika, akasema bado hawajamfahamu. Mwishowe Boal akamwomba apande mwenyewe aonyeshe, naye akapanda, akashika mpini wa ufagio, akamtwanga yule mwigizaji maskini, na baada ya hapo ndipo akamsamehe. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyaita mazungumzo ya wazi. Mtafiti mwenye hojaji angeandika kwamba mhojiwa anapendekeza majadiliano baina ya wanandoa, na angehesabiwa kuwa ameandika sawasawa.

Tangu siku hiyo Boal akaondoa ukuta uliotenga mtazamaji na mtendaji, na katika miaka iliyofuata wanazuoni wa Marekani, Kanada na Australia wakachukua njia hiyo pamoja na nyinginezo wakazifanya kuwa utafiti: hukusanya masimulizi ya watu, huyachambua kama achambuavyo mtafiti yeyote, kisha badala ya kuishia katika ripoti huyageuza kuwa mchezo, wakauonyesha, wakaandika tena yale yaliyofunuliwa na kuonyeshwa kwenyewe. Johnny Saldaña wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona ameuandikia vitabu utaratibu huo. George Belliveau, katika Chuo Kikuu cha British Columbia, ameutumia pamoja na wanachuo wa ualimu. Mimi sitauingilia ubishi wao juu ya jina lipi ni sahihi, ambao ni mrefu na una faida ndogo. Naona ni afadhali tuwaze jinsi mambo yatakavyokuwa hapa petu.

Natuwaze basi walimu kumi na wawili, waliomaliza mwaka wao wa kwanza kazini katika shule za kata mbili au tatu, wamekutana Jumamosi katika darasa ambalo madawati yamesogezwa ukutani. Kila mmoja amesimulia siku moja aliyojiona si mwalimu. Kutokana na masimulizi hayo pametungwa onyesho fupi, ambalo si la mtu yeyote mmoja wao. Ni saa moja na nusu asubuhi, langoni mwa shule. Wachelewaji wamepiga magoti kwenye changarawe, mmoja ana ndoo tupu mkononi. Mwalimu mpya, leo zamu yake ya kwanza, anakuja na daftari la zamu. Nyuma yake anakuja mwalimu mkongwe, kanzidata ya shule nzima kichwani mwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leo wewe ndiye wa zamu," anasema mkongwe, akimkabidhi fimbo kwa upole, kama mtu anayempa mgeni kiti. "Hawa wanakupima."

Hapo onyesho linasimamishwa. Kanuni za serikali ya Tanzania, na kila mmoja chumbani anazijua, zinamtaja mwalimu mkuu, au yule aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na zinaweka kikomo cha viboko vinne. Kenya nao walikwisha kupiga marufuku adhabu hiyo shuleni tangu 2001. Swali, basi, si la kanuni. Swali ni nini kitafanywa na mwili wa kijana huyu mwenye fimbo mkononi na macho ishirini yaliyomwelekea. Walimu hupishana kuichukua nafasi yake, mmoja baada ya mwingine. Yupo atakayeuliza habari za ndoo, akajibiwa kwamba kisima ki mbali, akabaki hajui la kusema baadaye. Yupo atakayewapa wachelewaji mafagio, akajiona amepata njia, mpaka mkongwe acheke kidogo puani. Yupo atakayeirudisha fimbo kwa maneno ya adabu sana, na mkono ukitetemeka. Na endapo mtafiti ni mwenye macho, atanabahi kwamba karibu wote, kabla ya kutenda lolote, wamegeuza shingo kutazama upande ambako dirisha la ofisi ya walimu limechorwa kwa chaki ukutani. Hawakuwatazama watoto. Yule wanayemwogopa, yule ambaye kwake wanaomba kuitwa walimu, amekaa nyuma ya dirisha hilo. Na jambo hili, ambalo mhojiwa asingelitaja kwa kuwa hakujua kuwa analifanya, ndilo lililokuwa limefichwa ndani ya lile jibu la nidhamu.

Nimesema onyesho linasimamishwa, nami nakusudia kulikazia hilo, kwa sababu mazoea yetu ya jukwaani shuleni yana mwelekeo wa namna nyingine. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, aliipa ngonjera nguvu mpya katika miaka ya 1960, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 shule nzima nzima ziliimba mabishano yake mbele ya wageni. Ni sanaa nzuri, na nani asiyeipenda? Lakini ngonjera ina tabia yake: wawili huanza kwa kubishana, mmoja akiwa mjinga au mpotovu na mwingine mwenye busara, na kabla ya beti za mwisho yule wa kwanza amekwisha kuzinduka, wote wakaafikiana, mgeni rasmi akapiga makofi. Anayebishana amepewa zamu ya kusema ili ashindwe. Walimu wapya wa leo walikuwa watoto wa ngonjera hizo, wengine walizisimamia wenyewe siku ya mahafali, na ukiwaambia watunge mchezo juu ya maisha yao bila ya kuwaonya, utawapata wametunga mwalimu mlevi anayetubu. Jukwaa la utafiti halina budi kuvunjika kabla ya suluhu. Likisuluhisha, limekwisha kuwa hotuba.

Wala haitulazimu kwenda Peru kujifunza hayo. Katika mwaka wa 1982 na uliofuatia, walimu wa sanaa za maonesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda Malya, wilaya ya Kwimba, wakakaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja nao shida zilizowasumbua, miongoni mwake mimba za wasichana wa shule, na uchunguzi huo ukafanyika kwa ngoma na vichekesho vya wenyeji wenyewe, vikifuatiwa na mazungumzo ya hadhara ambamo watu wazima walisikia wasiyoyazoea. Mlama aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1991. Mwaka 1996 kutoka katika chuo hicho hicho ukatokea mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari waliyachunguza wenyewe yanayowazuia kusoma, wakayatungia michezo, wakayacheza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, wakayajadili na kuamua la kufanya. Na baadaye Jukwaa la Wanawake wa Afrika katika Elimu, FAWE, likauchukua mradi na kuueneza katika nchi nyingi za bara hili. Hiyo ni fahari yetu, na huwa nashangaa jinsi tunavyoitaja kwa nadra. Ila katika Tuseme mwalimu kijana alikaa upande wa wasikilizaji, na mara nyingine upande wa washtakiwa. Msichana wa kidato cha pili aliulizwa ni nini kinachomnyima sauti. Mwalimu wake wa miaka ishirini na minne, anayelala katika chumba cha kupanga nyuma ya duka na kungoja posho ya kujikimu, naye ana jibu la swali hilo hilo, na haingekuwa ajabu kama majibu yao mawili yangeelekea mlango mmoja.

Yapo ya kupinga, nami siyapuuzi. Watasema kwamba jukwaa hupamba, kwamba anayelia vizuri hushangiliwa hata kama kilio chake si chake, na kwamba walimu kumi na wawili hawawezi kuwasemea maelfu. La mwisho ni kweli, na jawabu lake ni kutolidai: anayetaka kujua ni wangapi na aende kwa wenye takwimu. La kwanza ni zito zaidi. Dawa yake ninayoijua ni kurudia, yaani kitendo kimoja kuchezwa na watu wengi mfululizo mbele ya walioishi maisha hayo, maana mwigizaji anaweza kuwaghilibu watazamaji wa mjini, lakini walimu wa zamu kumi na mmoja waliokaa mbele yake watamgunia mara moja akikosea hata namna ya kulishika daftari.

Ninaloliogopa kweli kweli ni jingine. Katika kata yenye shule nne, mtu husemwa pasipo kutajwa jina. Kijana akicheza mwalimu mkuu anayeuza vitabu vya shule, hata akiapa kuwa amembuni, Jumatatu atakuta mwalimu mkuu wake amekwisha kuletewa habari, na barua ya kujieleza itafuata. Jim Mienczakowski, ambaye miaka ya 1990 huko Australia alitunga michezo kutokana na maneno ya wagonjwa wa akili na ya wenye kutaabishwa na ulevi, aliweka mwiko kwamba mchezo uonyeshwe kwanza kwa wenye maneno, nao wawe na haki ya kukata, kubadili au kukataa, kabla jicho la mgeni halijauona. Mwiko huo ningeufanya sharti. Na ningeongeza la kwetu: siku ya kutafiti asikanyage mlangoni mdhibiti ubora wa shule, wala afisa elimu kata, hata awe mtu mwema na rafiki wa sanaa, kwa kuwa akiketi tu, ile mikono ya kulia na kushoto itaanza kunyooshwa.

Gharama si kubwa. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, haya yanayofupishwa MEWAKA, yamekwisha kuwazoesha walimu kukutana katika shule zao na katika vituo vya walimu. Wapo wahitimu wa Chuo cha Ualimu Butimba waliofunzwa sanaa, na wapo wa Bagamoyo, ambako chuo cha sanaa kilianza mwaka 1981, wanaojua jinsi ya kuongoza onyesho na jinsi ya kulikatiza. Kinachohitajika ni ruhusa ya mwaka wa kwanza: siku mbili, moja baada ya muhula wa kwanza na nyingine mwisho wa mwaka, ili mtafiti aweze kulinganisha bega la Juni na bega la Desemba, na aone kama shingo bado inageukia dirisha. Kikwazo kitakuwa wakongwe. Watasema wao walianza bila ya michezo na wamefika. Hao ningependa waje pia, siku ya pili, lakini kwa sharti la kucheza, na nafasi watakayopewa iwe ile ya kijana wa zamu, huku kijana akishika nafasi yao na kuwapa fimbo; kwa kuwa nashuku kwamba mkongwe yule aliyesema wanakupima alikabidhiwa fimbo hiyo hiyo, kwa maneno hayo hayo, mwaka ambao hapana aliyemwuliza kitu, na huenda akawa na mengi ya kusema kuliko wote mara atakapoisikia tena mkononi.

Na mchezo ukiisha kukubaliwa na wenyewe, usiende maktaba. Upelekwe chuoni walikotoka, ukachezwe mbele ya wahadhiri wale waliowakagua, na pale unaposimamishwa, mhadhiri aombwe kupanda, avue koti, akabidhiwe chaki moja na kidato cha pili chenye wanafunzi tisini, na aonyeshe hiyo mbinu shirikishi inafanywaje.